Boti Inayokataa Kupinduka: Rada Yote Kuhusu Mashua za Mkuku, na Kwa Nini Si Lazima Ukuwe Sonko Ndio Upande

Ukisikia "yacht", akili inakimbia wapi? Wacha nikisie. Video ya msanii, miwani nyeusi, chupa zinamwagwa, boti nyeupe kubwa imekodishwa masaa mawili, na nyuma ya kamera kuna mse anapambana asitapike. Hiyo ni poa, kila mtu na sherehe yake. Lakini hiyo boti iko na injini mbili kubwa na haijui upepo ni nini. Leo si hiyo tunaongelea.

Leo ni zile ndogo za matanga. Urefu wake mara nyingi ni mita tano hadi nane, yaani kubwa kabisa haipiti sana ile mathree ya viti 33. Hazina friji. Nyingi hazina choo. Injini, kama iko, ni kakitu kadogo kanakoning'inia nyuma ka kukutoa bandarini. Unatoka asubuhi, unapiga raundi na upepo, jioni uko kwa keja. Huko Marekani hizi ndizo boti ambazo watu wazima wengi wasiojua chochote huanzia, na sababu iko chini ya maji, mahali huioni.

Hiyo kitu inaitwa mkuku.

Chukua chupa ya soda uelewe

Boti ndogo za matanga ziko familia mbili. Ya kwanza ni dingi. Dingi ni nyepesi, chini iko na ubao mwembamba tu, na kitu inayoizuia kulala ni mwili wako. Upepo ukiongeza, unajitupa nje upande wa pili. Ukichelewa, mnaogelea. Laser, dingi maarufu kuliko zote, mwili wake ni kama kilo 59. Kuna watu wazima wengi hapa Nairobi wamepita hiyo. Kwa hivyo kupinduka kwa dingi si ajali, ni sehemu ya masomo: unapinduka, unakanyaga ule ubao, inasimama, unaingia tena umelowa hadi kwa soksi.

Familia ya pili ndiyo mashua ya mkuku. Hapa badala ya ubao kuna pezi zito la chuma au risasi limefungwa chini ya boti kabisa, haliendi popote.

Kama bado hujashika, fanya hii kwa nyumba. Chukua chupa ya plastiki ya lita mbili, ifunge tupu, iweke kwa ndoo ya maji na ujaribu kuisimamisha. Italala. Sasa tia mchanga robo chupa, funga, rudisha. Inasimama yenyewe. Isukume na kidole hadi ilale, achilia. Inarudi. Isukume tena, inarudi tena, hata ukikasirika. Hakuna maajabu hapo, uzito uko chini na hewa iko juu, basi.

Sasa rudi kwa boti. Upepo ukipiga tanga, boti inainama. Lakini vile inazidi kuinama, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Tanga linalala, kwa hivyo upepo unaanza kupita juu yake bila kulishika vizuri. Na ule mkuku, ambao ulikuwa umening'inia wima, sasa umetolewa kando na uzito wake wote unataka kurudi chini. Nguvu ya kulaza inapungua, nguvu ya kusimamisha inaongezeka, zinakutana mahali. Boti inabaki hapo imeinama, inakata maji, na wewe umeshika ukingo na roho iko mdomoni ukidhani ndio mwisho. Si mwisho. Hivyo ndivyo inatembea.

Mkuku uko na kazi ya pili ambayo watu husahau. Upepo mara nyingi unakusukuma kwa ubavu, na bila kitu chini ya maji boti ingeenda tu kando kama juala kwa barabara. Mkuku ni ukuta. Maji hayataki kuupisha kwa ubavu, lakini mbele unapita rahisi kwa sababu ni mwembamba. Finya mbegu ya chungwa iliyolowa kati ya vidole viwili. Unafinya kutoka pande mbili, lakini yenyewe inaruka mbele. Upepo kwa tanga ni kidole kimoja, maji kwa mkuku ni kidole cha pili, na wewe uko ndani ya mbegu.

Haya mambo si mageni huku kwetu. Mkuku ni neno la mabaharia wa Pwani kutoka zamani, ni ule mti mkuu wa chini ya jahazi. Uzito wa kutuliza chombo unaitwa farumi. Tofauti ni kwamba farumi ya wazee wetu inatembea: kwa mashindano ya mashua Lamu utaona magunia ya mchanga yakihamishwa upande hadi upande kila chombo kikigeuka, na vijana wamepanda kwa ubao unaotoka nje ya mashua wakitumia miili yao kama uzito. Ngalawa nayo ilitatua shida kwa njia nyingine, ikaweka mirengu pande mbili. Mzungu alichukua ile farumi akaifunga na bolti chini. Akapata boti inayosamehe makosa, na akapata shida nyingine ambayo tutaifikia.

Msee alijenga kwa gereji

Kama kuna boti moja unafaa kuijua jina, ni J/24. Stori yake inafaa kupendwa na kila mtu aliye na hasla ya pembeni.

Katikati ya miaka ya sabini kulikuwa na jamaa anaitwa Rod Johnstone, mkaazi wa Stonington, jimbo la Connecticut, Marekani. Kazi yake ilikuwa kuuza nafasi za matangazo kwa gazeti la mambo ya boti. Hakuwa na kiwanda. Akachora boti yake mwenyewe na kuijenga kwa gereji ya nyumbani. Akaiita Ragtime, akaiingiza majini 1976, akaanza kushindana nayo akiwa na familia yake ndani. Ikawa inachapa boti zilizoizidi urefu na bei. Watu wakaanza kuuliza, hiyo umenunua wapi?

Mwaka uliofuata kampuni moja ya Rhode Island ikaanza kuzitengeneza kwa wingi. Kaka yake Rod, Bob, akaacha kazi ya maana kwa kampuni kubwa akajiunga naye kuuza. J ni ya Johnstone, 24 ni urefu kwa futi. Tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya 5,000, katika nchi kadhaa.

Cheki namba zake. Urefu mita 7.32. Uzito mzima kilo 1,406, kama gari ndogo ya kawaida. Ndani ya hiyo, kilo 431 ni uzito wa kutuliza, yaani karibu mifuko tisa ya simiti. Mkuku unashuka hadi mita 1.22 chini ya uso wa maji. Kwa mashindano hubeba watu watano hivi, na sheria inasema uzito wao wote usizidi kilo 400. Hiyo sheria ya kilo itakusaidia baadaye, ishike.

Lakini ukiniuliza mimi, J/24 si boti ya siku ya kwanza. Ni ya mbio. Iko na kamba nyingi, mahali pa kukaa ni padogo, na inafurahia mtu anayejua anachofanya. Ya siku ya kwanza ni kitu kama Ensign. Hii ilichorwa na Carl Alberg, Msweden aliyehamia Marekani, na ikaanza kutengenezwa 1962. Ni fupi kidogo kuliko J/24, lakini karibu nusu yake ni mahali wazi pa kukaa, viti virefu vya pande mbili, mnatoshea watu sita bila kugombana na viwiko. Uzito wake wa chini ni kama kilo 544, mifuko karibu kumi na moja. Na mkuku wake si pezi jembamba linalotoka katikati. Umeungana na tumbo la boti kutoka karibu na mbele hadi nyuma, kwa hivyo haushuki sana, kama sentimita 91 tu, na boti inashika njia kama treni. Ukiachilia usukani kidogo ujikune pua, haigeuki ghafla. Ubaya ni kwamba ukitaka igeuke haraka, pia hapo haina haraka. Zilitengenezwa zaidi ya 1,700 na hadi leo watu bado wanashindana nazo.

Wapenzi wa udaku, na yenu iko hapa. Kuna aina inaitwa Dragon, ilichorwa na Johan Anker wa Norway mwaka 1929, ndefu na nyembamba kama mwanamitindo. Princess Elizabeth na Philip walipooana, klabu moja ya mji wa Cowes, Uingereza, iliwapa Dragon kama zawadi ya harusi. Wakaiita Bluebottle. Huyo Elizabeth ndiye yule alikuja Kenya 1952 akalala Treetops kama binti wa mfalme akashuka kama malkia. Bluebottle yenyewe ilienda Olimpiki ya 1956 ikarudi na shaba, bila wao kuiendesha. Na mwaka 1960 Constantine, mwana wa mfalme wa Ugiriki, alishinda dhahabu ya Olimpiki kwa Dragon. Kwa hivyo ndio, huu mchezo una historia ya masonko, hatuwezi kudanganyana.

Haipinduki si sawa na haizami

Hapa simama kidogo, juu hapa ndipo watu hupotea.

Boti ya mkuku ikilazwa na upepo mkali itasimama tena. Sawa. Lakini hiyo hesabu inaamini kwamba ndani kuna hewa. Kama maji yameingia ndani ya tumbo, wewe sasa uko na chombo kilichojaa maji na mifuko tisa ya simiti imefungwa chini yake. Hicho hakielei.

Si nadharia. J/24 kadhaa zimewahi kuzama hivyo. Upepo unailaza boti hadi mlingoti unagusa maji, kifuniko cha sanduku la chini ya kiti hakijafungwa, maji yanapitia hapo yanaingia ndani, na boti ambayo ingesimama yenyewe inaenda chini. Ndiyo sababu sheria za hiyo boti zinasema vifuniko viwe na komeo la kufunga. Komeo. Kitu cha bei ya chipo mwitu na soda ndiyo inasimama kati yako na kuogelea.

Dingi, kwa upande mwingine, inapinduka kila siku lakini imejaa hewa au povu ndani, kwa hivyo inaelea hata ikiwa juu chini. Kuna boti za mkuku pia ambazo zimewekwa povu ndani ndio zisizame hata zikijaa. Colgate 26 ni mojawapo, ilitengenezwa makusudi kwa shule ya kufunza watu wazima. Kwa hivyo mtu akikuambia "hii boti iko salama kabisa, haipinduki", swali lako la pili liwe: na ikijaa maji je?

Na jaketi ya kuokoa maisha unavaa. Si ya kukalia, si ya kufanya mto, na haivaliwi tu wakati wingu limekuwa jeusi. Wengi wetu tumekulia mitaa ambayo maji mengi tuliyowahi kuona ni ya bomba lililopasuka. Hakuna aibu kwa kutojua kuogelea, lakini mwili usiojua kuogelea hauna dakika ya kutafuta jaketi mahali imefichwa. Boti ya mkuku inakupunguzia nafasi ya kuanguka majini. Haiiondoi. Mtu huteleza, hupigwa na mti, huvutwa na kamba.

Siku ya kwanza itakuwa hivi

Utapewa kana, yaani ule mkono wa mbao unaoshika usukani nyuma. Na utachanganyikiwa mara moja, kwa sababu ukiusukuma kulia boti inaenda kushoto. Kila mtu huchanganyikiwa. Kama unaendesha gari utachanganyikiwa zaidi. Dakika kama ishirini hivi na mkono unaanza kuelewa kabla ya kichwa.

Matanga ni mawili: kubwa nyuma ya mlingoti, dogo mbele. Kila moja iko na kamba ya kulivuta ndani au kulilegeza. Mabaharia wetu kamba hiyo wanaiita demani. Kamba ya kupandisha tanga juu ni henza. Na upande ule upepo unatoka, hasa ukikaa juu yake boti ikiinama, ni joshi. Ukienda kwa shule ya Wazungu watakupa maneno yao mengine hamsini, lakini ujue lugha yako ilikuwa nayo mapema.

Sheria ya tanga ni rahisi kushinda ya kuendesha nduthi. Legeza hadi tanga lianze kupepea kama nguo kwa kamba. Vuta polepole hadi liache kupepea. Simama hapo. Hiyo tu. Makosa ya karibu kila mgeni ni kulivuta sana, juu mtu anadhani kuvuta ni kuongeza gesi. Zii. Ukilivuta kupita kiasi boti inainama zaidi na inaenda polepole. Na ukiona mambo yamekuwa moto, boti imelala, watu wanapiga kelele, dawa ni moja: achilia kamba. Tanga likipepea halina nguvu, na mkuku unamaliza kazi. Hii ndiyo sababu mkuku ni mwalimu mzuri. Kwa dingi, sekunde ukifikiria la kufanya ushakunywa maji. Hapa unapewa muda wa kufikiria.

Kitu ambacho huwezi kufanya ni kwenda moja kwa moja upepo unakotoka. Hakuna boti ya matanga inayofanya hivyo. Kuna kama nyuzi 45 kila upande wa upepo ambazo ni eneo lililokufa, tanga linapepea tu na boti inasimama kama mathree imeishiwa mafuta. Sasa kama unakoenda ni huko huko? Unaenda kwa mshazari kidogo, unageuka, mshazari wa upande mwingine, unageuka. Zigizaga hadi unafika. Wazee wanaita kubisha, na ukiliangalia hilo neno unaona vizuri: unabishana na upepo, haukupi njia, lakini unaichukua vipande vipande.

Kuna kugeuka kwa aina mbili. Ukigeuka pua ikipita upande wa upepo, mambo ni ya pole, tanga linapepea, mnahama viti, linajaa upande wa pili. Ukigeuka na mgongo kwa upepo, hapo ngori. Tanga kubwa limeshikwa chini na mti unaolala, unaitwa bumu, na upepo ukilikamata kutoka nyuma huo mti unavuka boti yote kwa spidi kwa urefu wa kichwa chako. Jina limetokana na mti, si na sauti, lakini sauti pia iko. Mwalimu akisema inama, usiulize "kwa nini". Inama, kisha uliza.

Mavazi usijisumbue. Wengi huja wamepiga luku kama wanaenda kushuti video, na ndani ya nusu saa wametota. Viatu vya raba visivyoacha alama nyeusi, glavu kama mikono yako ni ya kompyuta, kofia iliyofungwa, na simu ndani ya mfuko usioingiza maji. Ukitaka picha, ziwahi mapema, boti ikiwa bado kwa gati.

Hii mambo ni ya nani?

Huyu jamaa Bruce Kirby wa Canada ndiye alichora ile Laser ya kilo 59 inayohitaji miguu ya chuma na tumbo la mwanamasumbwi. Miaka kama kumi baadaye akachora kitu tofauti kabisa, Sonar, boti ya mkuku ya mita saba, mahali pa kukaa pakubwa, imetulia. Sonar ndiyo ilitumika Paralimpiki kwa timu za watu watatu kuanzia 2000 hadi Rio 2016. Kila baharia alipewa pointi kutoka 1 hadi 7 kulingana na ulemavu wake, na jumla ya watatu haikuruhusiwa kupita 14, ndio timu isichukue watu wenye ulemavu mdogo pekee. Watu wasio na miguu, watu wenye mkono mmoja, walikuwa wanachapa mbio kwa sababu kazi ya kuzuia boti isilale ilikuwa ya risasi iliyo chini, si ya miili yao. Baada ya Rio mchezo huo ukaondolewa Paralimpiki, na kwa maoni yangu hiyo ilikuwa hasara isiyo na maana.

Pesa je? Nchi za huko, J/24 ya miaka ya themanini inaweza kuuzwa dola elfu chache tu, bei ya gari kuukuu. Lakini boti haikuli siku ya kununua. Inakula baadaye: mahali pa kuifunga, matanga mapya, rangi ya chini, bima. Kwa hivyo wajanja hawanunui. Kumbuka ile sheria ya watu watano na kilo 400. Mwenye J/24 hawezi kushindana peke yake, na kila wiki kuna mtu amekosa kuja. Klabu nyingi duniani ziko na shida moja, watu wa kukaa kwa boti hawatoshi. Msee anayefika mapema, anasikiza na halewi kabla ya mbio anapata nafasi bure. Mara ya kwanza utawekwa pembeni ukae tu kama uzito. Mabaharia wa Marekani wana jina la hiyo kazi, wanamuita huyo mtu nyama ya pembeni. Si heshima sana, lakini umepanda boti bila kutoa hata soo.

Alafu kuna Boston. Miaka ya thelathini kulikuwa na mtu anaitwa Joseph Lee alianza kufunza watoto wa mtaa wa West End, watoto wa wahamiaji na wafanyakazi, kuendesha boti za matanga kwa mto Charles katikati ya mji. Kutoka hapo ikazaliwa Community Boating, iliyosajiliwa 1946. Kwa miaka mingi mtoto alilipa dola moja. Dola moja kwa msimu wote wa kiangazi. Hadi leo iko pale, na Sonar ni kati ya boti zao. Wanapandisha bendera kuonyesha hali ya upepo: ikiwa ya kijani hata wageni wanaruhusiwa, ikiwa nyekundu ni wale waliopita mtihani mkubwa tu.

Na huo mto ulikuwa uchafu wa kutisha. Mwaka 1995 shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilianza kuupa gredi kama mwanafunzi, ukaanza na D. Wakafunga mabomba ya maji taka yaliyokuwa yanamwaga humo, gredi ikapanda hadi B, miaka mingine A kasoro.

Sasa mbona nakuletea mto wa Boston? Kwa sababu Kanairo tulikuwa na yetu. Nairobi Dam, hapo kati ya Lang'ata na Kibera, ilijengwa miaka ya hamsini kama akiba ya maji ya mji, na kwa miaka watu waliendesha boti za matanga pale. Kulikuwa na klabu. Ukipita leo utaona kijani tu, magugu maji yamefunika, chini yake ni maji taka na matope. Mto Motoine ndio unaingia pale na kila kitu mji umeutupia. Vijana wa Kibera wako hatua chache kutoka mahali ambapo wangejifunzia, na hapana, huwezi kuingiza hata sahani.

Kwa hivyo ukitaka kujaribu hapa Kenya, lazima utoke. Watu wa matanga wako Mombasa, ambako kuna klabu ya boti, wako Kilifi, wako Naivasha na Kisumu. Lakini usishangae ukifika ukute wengi wana dingi, si boti za mkuku. Si umaskini wala ushamba, ni ile shida niliyosema tutaifikia. Mkuku wa mita 1.22 unahitaji maji ya kina saa zote. Mombasa, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Ndani ya mwamba wa matumbawe, mahali ulikuwa unaelea maji yakijaa, yakitoka watoto wanaokota kaa. Dingi unainua ubao na kuikokota hadi mchangani. Ngalawa unaiacha tu ilale. Boti ya mkuku ikikwama inalala kwa ubavu juu ya matumbawe, na kuitoa majini unahitaji kreni au trela ya nguvu. Kisumu nako magugu maji yanajifunga kwa mkuku kama shali kwa shingo. Naivasha, muulize kiboko maoni yake.

Mahali unapofaa kwa mkuku ni kwa maji ya kina: Kilindini, hori la Kilifi, au nje ya mwamba ukiwa na mtu anayejua mlango wa kutokea. Kaskazi, kutoka Desemba hadi Machi hivi, ndiyo miezi ya kuanza, upepo ni mpole kidogo. Kusi ikishika, kuanzia Mei hivi, bahari inakasirika na wageni hukaa nyumbani.

Ukipiga simu klabu yoyote, usiulize "bei ya yacht ni ngapi". Uliza siku gani kuna mbio, na kama kuna boti inatafuta mtu. Kisha uliza maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, na ufike kabla yake.